Daftari la Watu: Mwalimu wa Kuandika na Mwanafunzi Mpenda Haki

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Neno hili latoka katika maduka na maghala, na kila mfanya biashara ajua ukweli wake. Lakini katika nchi zetu za pwani palikuwa na zamani ambapo mali yenyewe ilikuwa watu. Mtu alihesabiwa forodhani pamoja na pembe za ndovu. Aliandikwa bei yake, na jina la bwana wake, na jahazi alimopakiwa. Daftari lilikuwapo, ila lilikuwa la bwana. Yule aliyeandikwa humo hakuwa na daftari lake, wala hakuulizwa neno. Makala hii yataka kueleza habari ya siku ile ambapo watu wa namna hiyo walipewa kalamu wakaandika wenyewe, na mambo yaliyotoka katika kalamu hiyo baadaye. Ni habari ya mwalimu na mwanafunzi, nayo yatuhusu sana sisi tulio walimu.

Twaandika haya kutoka Kengeja, kusini mwa kisiwa cha Pemba, katika Wilaya ya Mkoani. Msomaji wa mbali aweza kuuliza, Kengeja ina nini na habari za skuli ya Unguja? Jibu li katika mikarafuu. Mwezi wa Aprili mwaka 1872 tufani kubwa ilipiga Unguja, ikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya huko. Pemba haikudhurika sana. Basi tangu hapo karafuu zikawa hasa kazi ya Pemba, na mashamba yakaongezwa upesi. Nasi wakaaji wa Pemba twajua kazi ya karafuu jinsi ilivyo. Zikiwiva haziwezi kungoja. Zataka mikono mingi ya kuchuma, na mingine ya kuchambua makonyo, na mingine ya kuanika na kuanua mvua inapotisha. Katika siku zile mikono hiyo ilikuwa ya watumwa, nao walitoka bara.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba na Waingereza, na kwa mkataba huo ilikatazwa kusafirisha watumwa baharini, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Lakini mkataba ulifunga soko, haukufunga tamaa. Pemba ina vijito vingi na mikoko mingi, na jahazi lililotoka bara usiku liliweza kujificha humo kabla ya kupambazuka. Manowari za Kiingereza zilizunguka kuyawinda majahazi hayo. Kazi hiyo haikuwa ya mchezo: mwezi wa Desemba 1881 Kapteni Brownrigg, mkuu wa manowari iliyoitwa London, aliuawa katika maji ya Pemba alipolikamata jahazi lenye watumwa. Na majahazi yalipokamatwa, wale waliokuwamo waliletwa Unguja, na watoto wengi kati yao walikabidhiwa kwa misheni. Hivyo mtoto ambaye safari yake ilikuwa ya kuja kuchuma karafuu Pemba aliweza kujiona, baada ya siku chache, ameketi darasani Unguja na kalamu mkononi.

Kabla ya kuingia katika darasa hilo, yatupasa tuseme neno moja la haki. Mtu asidhani ya kuwa kuandika kuliletwa pwani na misheni. Watu wa Pemba na Unguja na Mombasa na Lamu walikuwa wakiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu tangu karne nyingi. Watoto walikwenda chuoni, wakajifunza kwa ubao na wino. Mashehe waliandika tenzi na nyaraka, na kisiwa chetu cha Pemba kilikuwa na washairi mashuhuri katika karne ya 19, akina Sarahani na Kamange, ambao majina yao hayajasahauliwa hata leo. Walakini elimu hiyo kwa kawaida haikumfikia mtumwa mgeni aliyeletwa shamba. Yeye alipewa jembe. Jambo jipya basi halikuwa kalamu. Jambo jipya lilikuwa mkono ulioshika kalamu.

Skuli tunayoitaja iliitwa Kiungani, nayo ilikuwa nje kidogo ya mji wa Unguja, upande wa kusini. Ilikuwa ya misheni iitwayo Universities' Mission, ambayo mapadre wake wa kwanza walifika Unguja mwaka 1864. Mmoja wao alikuwa Edward Steere, ambaye baadaye alifanywa askofu. Wanafunzi wa kwanza walikuwa wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa, nao walitolewa kwa misheni na Sultani Majid. Steere alikuwa mtu wa lugha na mtu wa chapa. Alikaa na watu wa Unguja akawasikiliza, akaziandika hadithi zao, na mwaka 1870 akatoa kitabu cha kufundisha Kiswahili na kitabu cha hadithi za Unguja. Akaleta mtambo wa kupiga chapa, na wavulana wale wakafundishwa kupanga herufi za risasi moja moja. Fikiri, msomaji: mtoto aliyeuzwa kwa doti za nguo huko Nyasa, sasa asimama mbele ya sanduku la herufi na kupanga maneno yatakayosomwa na watu asiowajua. Mwenziwe mmoja wa wale watano wa kwanza, John Swedi, alifanywa shemasi mwaka 1879. Tena Cecil Majaliwa, naye aliyeokolewa katika utumwa, alifanywa padre mwaka 1890, wa kwanza katika Waafrika wa misheni ile.

Steere alifariki mwaka 1882. Katika walimu waliokuwapo wakati wake na baada yake, mmoja ndiye twataka kumtazama hasa, naye ni Arthur Cornwallis Madan. Watu wengi wamjua kwa kamusi zake. Ile ya Kiingereza na Kiswahili ilitoka mwaka 1894, na ile ya Kiswahili na Kiingereza mwaka 1903, na kamusi kubwa zilizotoka mwaka 1939 zilijengwa juu ya msingi wake. Lakini kabla ya kamusi hizo alifanya kazi nyingine ambayo haikupata sifa kama hiyo, nasi twaona yastahili sifa zaidi. Wavulana wa Kiungani waliandika habari za maisha yao wenyewe, naye Madan akazikusanya, akazitafsiri kwa Kiingereza, na mwaka 1887 kikatoka London kitabu kiitwacho Kiungani.

Yaliyomo ni mambo ambayo watoto waliyaona kwa macho yao. Wanaeleza kwao kulivyokuwa: nyumba, mashamba, michezo, desturi za wazee. Kisha vinakuja vita, au njaa, au usiku wa kutekwa, na mtoto aondolewa kwa mamaye. Inafuata njia ndefu, na kuuzwa mkono kwa mkono, na pwani, na jahazi. Walitoka katika makabila mbalimbali ya bara, hata lugha zao za kuzaliwa hazikusikilizana. Kiswahili ndicho kilichowakutanisha, nacho walijifunza ugenini. Wala hawakuandika kama washitaki barazani. Waliandika kama watoto, neno baada ya neno, na pengine jambo dogo kama nguo au chakula limeandikwa kwa urefu kuliko jambo kubwa. Kwa hiyo huaminika. Mwongo hupamba, lakini mtoto aliyeona husema alivyoona.

Sasa na tupime kazi ya mwalimu huyu kwa mizani iliyo sawa. Kwa upande mmoja, alifanya jambo kubwa. Watu wa Ulaya walikuwa wamekwisha kusoma vitabu vingi juu ya biashara ya watumwa, vingi vyake vimeandikwa na wasafiri na mabalozi na manahodha wa manowari. Kitabu cha Kiungani kilisema na wasomaji kwa sauti ya wale waliouzwa. Mwalimu alitambua ya kwamba mwanafunzi wake ana jambo ambalo yeye mwalimu hana, yaani ushuhuda. Akamwachia nafasi. Walimu wangapi hufanya hivyo? Wengi wetu humpa mtoto insha ya jambo asilolijua, kisha twamlaumu kwa kuwa hana la kusema.

Kwa upande wa pili, tazama ukurasa wa mwanzo wa kitabu kile. Umeandikwa kwamba kimetungwa na wavulana wa skuli za misheni, tena kwamba kimetafsiriwa na kutengenezwa na A. C. Madan. Jina la mwalimu lipo. Wavulana wameitwa wavulana tu. Tena kitabu kilikuwa Kiingereza, hata ndugu zao wa bara na pwani wasingaliweza kukisoma. Yamkini mwalimu alikuwa na sababu njema. Labda aliwahurumia vijana wale asitake waonyeshwe mbele za watu kama kitu cha kutazamwa. Hata hivyo jambo lenyewe latufundisha. Mtu aliyetolewa katika daftari la bwana aweza kuingizwa katika kitabu cha mwalimu, na bado asiwe na jina lake. Ni hatua moja mbele, tena kubwa, lakini safari haikuisha.

Mwaka wa pili wake, 1888, hatua nyingine ilipigwa. Kiungani ilianza kutoa gazeti la Kiswahili lililoitwa Msimulizi, nalo lilileta habari za skuli na za wale waliokwenda kufundisha bara. Hapo Mwafrika aliandika kwa lugha yake, asomwe na Waafrika wenziwe. Latazamwa kuwa katika magazeti ya kwanza kabisa ya Kiswahili. Kila tunapoandika makala katika gazeti la mwezi kama hili, twafuata njia iliyofyekwa na vijana wale.

Turudi sasa Pemba, maana huku nako karatasi ilikuwa na kazi yake. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuondoa hali ya utumwa katika sheria ya Unguja na Pemba. Wengi hudhani siku ile watumwa wote waliamka huru. Haikuwa hivyo. Amri ilisema kwamba mtumwa atakaye uhuru aende mwenyewe barazani akauombe. Bwana wake alilipwa fidia. Yeye mtumwa hakulipwa kitu. Tena aliulizwa atakaa wapi na atakula nini, maana Serikali iliogopa kuwa na watu wengi wasio na kazi na mikarafuu isiyo na wachumaji. Masuria waliachwa nje ya amri ile mpaka mwaka 1909. Wengi walishauriwa kubaki katika mashamba kwa mapatano, wamfanyie bwana kazi siku kadhaa za juma, nao wapewe mahali pa kukaa na pa kulima. Msimamizi wa mambo hayo Pemba alikuwa Farler, ambaye hapo kwanza alikuwa padre wa misheni ile ile, huko Magila.

Angalia basi mahali pa kalamu katika jambo hili. Uhuru wa mtu wa Pemba ulikuwa hati, na mapatano yake yaliandikwa. Aliyeandika alikuwa karani wa Serikali. Aliyesikiliza akatia alama alikuwa mtu asiyejua kusoma. Je, yaliyoandikwa yalikuwa sawa na aliyoambiwa? Hakuwa na njia ya kujua ila kuamini. Si neno kwamba karani alikuwa mwema au mbaya. Haki ya mtu ikikaa katika karatasi asiyoweza kuisoma, haki hiyo ni ya kuazima, na mwenyewe aweza kuitwaa wakati wowote. Wazee wa mashamba ya Pemba walipata uhuru, lakini wengi waliupata bila ya chombo cha kuulinda.

Miaka minne baada ya amri hiyo, mwaka 1901, Kiungani ilipata mkuu mpya, Frank Weston. Alikuwa mtu mkali wa nafsi yake, mwenye bidii, na mwenye ulimi usioogopa wakubwa. Alikuwa mkuu wa skuli hata mwaka 1908 alipofanywa Askofu wa Zanzibar, akakaa katika kazi hiyo mpaka alipofariki mwaka 1924. Katika wanafunzi wa Kiungani wa siku zake alikuwamo kijana aliyezaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891. Jina lake Martin Kayamba. Asili ya ukoo wake ilikuwa Bonde, na baba yake alikuwa mwalimu, naye alisoma Kiungani kisha Uingereza. Kwa hiyo kijana huyu hakuwa kama wavulana wa Madan. Wao waliandika yaliyowapata. Yeye alirithi kalamu kutoka kwa babaye.

Mwalimu na mwanafunzi hawa wote wawili walijaribiwa na vita ya 1914. Wadachi waliwashika walimu wa Kiafrika wa misheni katika nchi ya bara, wakiwadhania kuwa ni wapelelezi wa Waingereza. Wengi walifungwa minyororo na kutendwa vibaya, na Kayamba alikuwa katika waliofungwa. Weston yeye alikuwa Unguja. Mwaka 1916 walipotakiwa wapagazi wa jeshi, aliwaongoza wapagazi wa Zanzibar yeye mwenyewe, akaenda nao bara, kwa kuwa alijua jinsi wapagazi walivyokuwa wakifa kwa kukosa wa kuwatunza. Mwaka 1918 akaandika waraka wa wazi kuwashitaki Wadachi kwa matendo yao juu ya Waafrika. Waingereza waliupenda waraka huo sana, na haishangazi, maana ulimhukumu adui yao.

Jaribu la kweli lilikuja mwaka uliofuata. Mwezi wa Oktoba 1919 Serikali ya Kenya ilitoa waraka kwa maofisa wake, ikiwataka wawahimize Waafrika, pamoja na wanawake na watoto, watoke kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Neno lililotumika lilikuwa kuhimiza. Lakini mtu wa kijijini, akihimizwa na mwenye kutoza kodi na mwenye kufunga watu, asikia amri. Maaskofu wa Mombasa na Uganda walitoa maoni yao: walitaja hatari zilizomo, lakini walikubali kwamba kazi ya lazima yaweza kuwapo ikiwekewa sheria na mipaka. Weston hakukubali kabisa. Kenya haikuwa katika uaskofu wake, na angaliweza kunyamaza. Hakunyamaza. Mwaka 1920 alipiga chapa kijitabu akawashitaki Waingereza wenziwe kwamba wanawafanya Waafrika kuwa watwana wa Uingereza, akaenda London kulisema jambo hilo kwa kinywa chake. Wengine nao walipaza sauti, na mwaka 1921 Serikali ya London ikatoa agizo kwamba maofisa wasiwatafutie walowezi watu wa kazi kwa nguvu.

Huyo ndiye mwalimu. Aliyewashitaki Wadachi kwa ajili ya watumwa weusi, aliwashitaki na watu wake mwenyewe kwa kosa lile lile. Mwanafunzi hujifunza kutoka katika mambo ya namna hiyo kuliko katika ubao. Mwalimu akiwaambia watoto wapende haki, huku yeye aogopa kumwambia mkubwa wake neno moja, watoto hujifunza kuogopa.

Lakini hapa nako tuweke mizani. Kijitabu cha Weston kiliandikwa kwa Kiingereza, na Mwingereza, kwa Waingereza. Kilisema kwa ajili ya Waafrika. Waafrika wenyewe walikuwa tayari kusema. Huko Nairobi, Harry Thuku, kijana aliyepata kusoma kwa wamisionari na kupanga herufi katika chapa ya gazeti, alianzisha chama mwaka 1921, akapeleka simu London juu ya kodi na kazi za nguvu. Mwezi wa Machi 1922 alikamatwa, na watu waliokusanyika kumdai walipigwa risasi. Na mwaka ule ule wa 1922, katika mji wa Tanga, Martin Kayamba, aliyekuwa karani wa Serikali, alianzisha chama cha Waafrika watumishi wa Serikali ya Tanganyika.

Chama cha Kayamba hakikuwa cha kelele. Kilikuwa cha makarani na walimu, watu wa koti na kalamu. Lakini tazama kilichofanya. Kiliwaweka pamoja Wakristo na Waislamu, na watu wa makabila mbalimbali, na watu wa pwani na watu wa bara, kwa sababu walikuwa Waafrika wenye shida moja. Katika nchi ambayo kila mtu alipangwa kwa kabila lake na dini yake, hilo lilikuwa jambo geni. Mwaka 1929 kilifuata chama kingine huko Dar es Salaam kilichowaita Waafrika wote, na katika njia hiyo ndefu ndipo kilipotoka chama cha TANU mwaka 1954. Sisi hatusemi kwamba Kayamba aliyaona yote hayo mbele yake. Aliyaanza tu, kama mtu apandaye mkarafuu asijue nani atauchuma.

Mwaka 1931 alipelekwa London, yeye na Francis Lwamgira wa Bukoba na Mtemi Makwaia wa Shinyanga, kutoa ushuhuda mbele ya kamati ya Bunge. Shauri lilikuwa kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika chini ya utawala mmoja, na Waafrika waliogopa kwamba muungano huo utawapa walowezi wa Kenya nguvu juu ya wote. Mashahidi hao walisema waliyotumwa kusema, na kamati ikaamua kwamba wakati wa kuziunganisha nchi hizo haujafika. Baada ya safari ile Kayamba aliandika kitabu kidogo kwa Kiswahili kueleza waliyoyaona Uingereza. Mwaka 1936 habari ya maisha yake ilitoka katika kitabu cha Waafrika kumi kilichokusanywa na Margery Perham, nayo ilitoka kwa jina lake. Na baada ya kufa kwake, mwaka 1948, kilitoka kitabu chake juu ya mashaka ya Waafrika.

Linganisha sasa mwaka 1887 na mwaka 1936. Katika mwaka wa kwanza, wanafunzi wa Kiungani wasomwa London kama wavulana tu. Katika mwaka wa pili, mwanafunzi wa Kiungani asomwa London kwa jina lake na la baba yake. Katikati ni miaka 49. Huo ndio urefu wa njia kutoka kuwa shahidi hata kuwa msemaji.

Wako waliomlaumu Kayamba, na lawama yao haikosi msingi. Walisema aliwaamini mno Waingereza, alipenda mno adabu ya ofisi, na aliomba pale ambapo angalidai. Kweli alikuwa mtu wa maombi na nyaraka, wala hakuwa mtu wa fujo. Lakini na tukumbuke zamani zake. Alikuwa amekwisha kuona mnyororo wa Wadachi shingoni mwa walimu wenziwe, tena alisikia habari za risasi za Nairobi. Alichagua chombo alichofundishwa kukitumia. Waliokuja baada yake walidai kwa sauti kubwa zaidi kwa sababu palikuwa na mtu aliyekwisha kufungua mlango kwa sauti ndogo.

Skuli ya Kiungani haipo tena. Katika miaka ya 1920 ilihamishiwa Minaki, karibu na Kisarawe. Utumwa umekwisha, na utawala wa Waingereza umekwisha. Hapa Kengeja watoto wa waliokuwa mabwana na watoto wa waliokuwa watumwa huketi katika dawati moja, na hakuna awaulizaye. Je, habari hii ina faida gani kwa mwalimu wa leo?

Sisi twaona ina faida tatu. Ya kwanza, mpe mwanafunzi aandike aliyoyaona. Mtoto wa mchuma karafuu ajua ujira wa mamaye kwa pishi moja, ajua ni nani apimaye na pishi hiyo ikoje. Mtoto wa mvuvi ajua bei ya samaki ufukoni na bei yake mjini. Hizo ni insha, tena ni mwanzo wa hesabu ya haki. Mtoto asiyefundishwa kuandika jambo lililo mbele ya mlango wake hatajua kuandika jambo la nchi.

Ya pili, mwachie jina lake na maneno yake. Ni vyepesi kwa mwalimu kusahihisha insha hata ikawa yake mwenyewe. Twafuta neno la mtoto, twaweka letu lililo zuri zaidi, na mwisho tuna karatasi safi isiyo na mtu ndani yake. Sahihisha makosa, lakini usimfute mwandishi. Na akiandika vema, insha isomwe kwa jina lake mbele ya wenziwe na wazee wake.

Ya tatu, mfundishe kuandikia na wengine. Wavulana wa Madan waliandika habari zao, na hiyo ilikuwa haki yao ya kwanza. Kayamba aliandika kwa ajili ya makarani wenziwe na kwa ajili ya nchi. Katika kila kijiji wako wazee ambao bado hutia dole gumba katika hati za mashamba na za mikopo. Kijana aliyemaliza darasa, akimsomea mzee karatasi yake polepole kabla hajaitia alama, na kumwambia kweli yaliyomo, amefanya kazi ambayo mwaka 1897 haikuwa na wa kuifanya katika mashamba mengi ya Pemba.

Hivyo ndugu walimu, tusiidharau saa ya kuandika, wala tusiifanye saa ya kunakili ubaoni tu. Zamani watu wa mashamba haya waliandikwa na wengine, na kila aliyewaandika aliandika bei yao. Watoto wao wako mbele yetu kila asubuhi na madaftari wazi. Tuangalie basi waandike nini.